Nilivyotaka Kukopa kwa Fidia Isiyokuwapo

Januari 2024 binti yangu aliitwa kidato cha kwanza, na mimi pesa sina. Nilichokuwa nacho ni ufa ukutani unaopitisha mkono, na kesi. Baruti za machimbo ya mawe zilikuwa zimepasua nyumba zetu huku Rongai, Nakuru. Majirani watatu wakashtaki kwa niaba ya kaya zote sitini na tatu.

Binamu yangu aliyeko Texas akanipigia: "Una kesi halafu walia njaa? Huku kuna kampuni zinakupa pesa ukingoja fidia. Ukishindwa, hulipi." Usiku huo nilishajigawia milioni moja, nikope laki mbili.

Wakili wetu alicheka kwanza. "Hiyo milioni umeitoa wapi, mzee?" Akanieleza kwamba kesi yetu inaongozwa na Agizo la 1, kanuni ya 8, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010: wachache wanasimama badala ya wengi wenye maslahi sawa, mradi wengine wapewe notisi. (Kumbe lile tangazo la gazeti tulilolichangia kwa manung'uniko lilikuwa na kazi!) Jaji anaweza kutupa pesa, au akasimamisha baruti tu na senti isiingie. Na hata Marekani, akasema, wakopeshaji hao wanapenda kesi ya mtu mmoja, kama ajali ya gari. Kesi ya kundi wengi wao huikwepa: fungu la kila mtu halijulikani, na mapatano lazima jaji ayaidhinishe. Wakikupa, ada yao hupanda kadiri kesi inavyokawia.

"Basi nikopeshe wewe, utakata kwenye fungu langu." Hapo hakucheka. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haimruhusu kununua haki ya mteja wake kwenye kesi.

Akanikumbusha mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kesi yao ya sumu ya madini ya risasi ilifunguliwa 2016. Mwaka 2020 wakaazi wakapewa shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta tuzo hiyo. Mahakama ya Juu ilikuja kuirudisha baadaye, Desemba 2024, lakini karo ya binti yangu ingengoja hadi lini?

Nilikwenda kwenye sacco yetu, chama cha akiba na mikopo, ambayo hukopesha mara tatu ya akiba. Wadhamini wawili walipatikana, mmoja kwa shingo upande. Kwenye fomu, pale pa chanzo cha mapato, kalamu ilianza "fi". Nikakata, nikaandika: maziwa.