Pauni 1 na Peni 80

Ijumaa moja ya Novemba 2006 kampuni ya gesi ilikuja kuchukua pauni zake 42 kwenye akaunti yangu ikakuta 40 na peni 20. Mshahara ulikuwa unaingia Jumatatu. Benki ikakataa kulipa gesi, ikaniandikia barua fupi kunijulisha kwamba imekataa, na kwa kazi hiyo ikanitoza pauni 35.

Nilikuwa nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee mjini Reading, Uingereza. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 5 na peni 35 kwa saa, na ndicho nilicholipwa. Pauni 35 ni kama saa 6 na nusu za kugeuza wazee kitandani, kubadilisha mashuka na kuitika kengele, hapo kodi haijakatwa. Na mambo hayakuishia hapo. Ada yenyewe ilikatwa mwezi uliofuata, siku chache kabla ya mshahara, ikaiacha akaunti chini ya sifuri. Malipo ya simu yakaja, yakakuta pakavu, yakarudi, na pauni 35 nyingine zikaandikwa. Upungufu wa pauni 1 na peni 80 ukawa umenila 70.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Zanzibar, baharia mstaafu. Hakuwa ami yangu wa damu, ila sisi watu wa pwani pale mjini sote tulimwita Ami. Nilimwamkia, nikamwonyesha zile barua. Akazisoma moja moja, akavua miwani.

"Mwanangu, kabla hujalalamika, omba kwanza hesabu yako yote. Sheria inakupa."

Alikuwa ameshadai za kwake, akazijua njia. Sheria ya ulinzi wa taarifa ya mwaka 1998 ilimpa mteja haki ya kupewa kumbukumbu zake kwa pauni 10 tu, ndani ya siku 40. Madai ya mkataba yaliruhusiwa kurudi nyuma hadi miaka 6. Hoja nayo ilikuwa nyepesi kuielewa: kwa sheria ya Uingereza, ukivunja mkataba unamlipa mwenzako hasara aliyoipata, huadhibiwi. Barua iliyochapwa na kompyuta haiwezi kuigharimu benki pauni 35.

Bahasha ilifika Januari, ya kaki, nzito, imefungwa kwa gundi mara mbili. Nilitoka zamu asubuhi, nikaoga, nikakaa nayo mezani jikoni na kalamu ya wino wa njano. Kila palipoandikwa ada, napaka. Kurasa za mwanzo zilikuwa na njano chache. Kisha nikafika Machi 2003, nikakuta ada 3 ndani ya mwezi mmoja. Nikashusha kalamu. Ule ndio mwezi aliofariki baba, nilipotuma Tanga kila nilichokuwa nacho kwa ajili ya mazishi. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba, huku nikipokea mikono ya pole, benki ilikuwa inanikata pauni 28, tena 28, tena 28. Nililia pale mezani, peke yangu, mpaka karatasi ikalowa pembeni.

Zilikuwa ada 24: 6 za pauni 28, 8 za 30 na 10 za 35. Jumla pauni 758.

Niliandika barua nikawapa siku 14. Wakajibu kwamba ada ni halali na nilizikubali nilipofungua akaunti. Nikaandika ya pili. Safari hii wakasema watanipa pauni 300 kama ihsani, mradi nifunge mdomo. Neno hilo ndilo lililonichoma. Ihsani mtu huitoa kwenye chake. Hizi zilikuwa saa zangu za usiku.

Shoga yangu mmoja, tuliyefanya kazi pamoja, alinikopesha ada ya mahakama. Nikafungua madai madogo kwa njia ya intaneti, nikaongeza riba ya asilimia 8 kwa mwaka inayoruhusiwa na sheria. Katikati ya Juni 2007, kabla kesi haijapangiwa tarehe, benki ikalipa yote pamoja na gharama, na barua ikisema kwamba kulipa si kukiri kosa. Walikuwa wakifanya hivyo kwa wengi. Anayefika mpaka mlangoni mwa mahakama analipwa, asije jaji akauliza ile barua inagharimu kiasi gani hasa.

Siku ile ile nilimrudishia shoga yangu pesa zake. Yeye alikuwa na ada nyingi kuliko zangu, lakini alikuwa ameniambia, "Acha nione yako itaishaje." Sasa akaomba hesabu yake. Akangoja zile siku 40.

Tarehe 27 Julai 2007, kabla bahasha yake haijafika, benki kubwa na mamlaka ya biashara ya haki, chombo cha serikali cha kulinda wateja, walikubaliana kupeleka suala hili Mahakama Kuu kama kesi ya mfano, moja ya kuamulia zote. Malalamiko yote mapya yakasimamishwa. Tulishinda hatua ya kwanza mwaka 2008, tukashinda na rufaa mapema 2009. Nasema "tulishinda" kwa sababu kila hukumu tuliisubiri kwa pamoja. Lakini tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu, iliyokuwa imeanza kazi Oktoba ya mwaka huo huo, ikasema ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti, kwa hiyo mamlaka haiwezi kuzipima uhalali wake kwa kigezo cha ukubwa. Maana yake naielewa hivi: wale wenye akaunti zilizojaa walipata huduma bure, na sisi ambao mshahara hautufikishi Jumatatu ndio tuliowalipia. Siikubali hukumu hiyo hata leo.

Baada ya mwaka mpya shoga alinipigia simu niende kwake. Alikuwa ameinjika wali. Bahasha yake ya kaki ilikuwa juu ya friji, kurasa zimepakwa njano kwa kalamu yangu mimi. Barua ya benki alikuwa hajaifungua.

"Nisomee wewe, shoga. Kwa Kiswahili."

Nikaifungua, nikasoma. Kwamba kufuatia uamuzi wa mahakama, malalamiko yake yamekataliwa, na wanalichukulia jambo hili kuwa limefungwa.

Alifunika sufuria, akapunguza moto.

"Soma tena hapo mwisho," akasema.

Nikasoma tena.