Kaunta buku ya pande mbili: tulivyowafuatilia wasichana wa chanjo ya HPV Namanga

Nilipohamishiwa Namanga, mji wa mpaka wa Tanzania na Kenya, upande wa Tanzania, nilizoea upesi kuwauliza wasichana swali ambalo wauguzi wenzangu wa Arusha mjini hawana haja nalo: unasoma upande gani? Maboma ya Kimaasai yako huku na huko, na watu walioleana tangu kabla ya vigingi vya mpaka kuwekwa. Mtoto anaweza kuwa wa Longido kwa mama yake, anasoma Kajiado, Kenya, kwa sababu shangazi yuko huko, na ukame ukikaza anahama na mifugo hadi mvua irudi. Kwa chanjo za watoto wachanga hilo halikutusumbua sana, kwa kuwa mama na kadi hutembea pamoja. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo iliyotutoa jasho.

Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018, baada ya kuijaribu mkoani Kilimanjaro kuanzia 2014. Tulichanja wenye miaka 14, dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Kenya ikaanza Oktoba 2019, nayo dozi mbili, ila ya kwao ilikuwa kwa wasichana wa miaka 10. Kila nchi ilikuwa na sababu zake, na ukisoma mwongozo wa upande mmoja peke yake huoni kasoro. Weka miongozo yote miwili kwenye meza moja pale Namanga ndipo utaona pengo la miaka minne. Msichana wa miaka 11 mwenye dozi moja ya Kenya akihamia kwetu, kwa mwongozo wetu ni mdogo mno. Kwao ameshaondoka. Akifika 14 tutamwanzishia upya kana kwamba hajawahi kuguswa na sindano.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 shule zilifungwa pande zote mbili. Zetu zilifunguliwa katikati ya mwaka, ila za Kenya, ukiacha madarasa machache ya mitihani, zilikaa kimya hadi Januari 2021. Malori yalijipanga barabarani, madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Wasichana waliopata dozi ya kwanza Kenya mwishoni mwa 2019 walitakiwa kupata ya pili mnamo miezi hiyo hiyo, na baadhi yao walikuwa wamerudi kwa mama zao upande wetu.

Nilianza kuliona hilo kwa sababu ya mama mmoja aliyeleta mtoto kwa chanjo ya surua. Mtoto alibebwa na dada yake, binti mwembamba wa miaka kumi na kitu. Nilipomaliza na mdogo, mama akafungua mfuko wa nailoni aliokuwa ameuviringisha kwenye kanga, akatoa vitambulisho, picha moja ya pasipoti, na kadi ya Kenya iliyokunjwa mara nne. “Daktari, na huyu walisema arudi. Sasa arudi wapi?”

Sikuwa na jibu siku hiyo. Niliandika jina lake pembeni na kumpigia mratibu wa chanjo wa wilaya. Alinijibu mambo mawili. La kwanza, nisimchanje, kwa kuwa dozi zetu zimehesabiwa kwa wa miaka 14. La pili ndilo lililonisaidia: kwa chanjo hii miezi sita ni muda wa chini wa kusubiri, na dozi ya pili ikichelewa hata zaidi ya mwaka, ya kwanza haiharibiki, mtu haanzi upya. Basi nikajua nashindana na kitu gani. Muda tulikuwa nao. Kilichoweza kupotea ni kumbukumbu. Kadi iliyokunjwa mara nne, kwenye boma linalohama, haina maisha marefu.

Namba ya simu ya muuguzi wa upande wa Kenya niliipata kwa maofisa afya wa mpakani. Wale wa nchi zote mbili wanafanya kazi kwenye jengo moja la forodha, wanajuana kwa majina na kwa timu za mpira. Nilimpigia jioni. Alichonijibu nakikumbuka vizuri kwa sababu alicheka kwanza: “Sista, mimi nilidhani hao wasichana ni watoro tu. Sasa ni wetu ama ni wenu?” Tukakubaliana kwamba swali hilo tuwaachie uhamiaji.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kaunta buku. Yeye alinunua moja, mimi nikanunua moja, tukachora safu zinazofanana. Ungedhani safu ya kwanza, ya jina, ndiyo rahisi. Msichana wa Kimaasai ana jina la nyumbani, ana jina la ubatizo ambalo ndilo la shuleni, na jina la tatu linaweza kuwa la baba upande mmoja na la babu upande wa pili. Tuliishia kuandika yote, tena na jina la mama na la boma. Safu ya tarehe ya kuzaliwa ilikuwa mtihani zaidi. Mama wengi walinipa mwaka kwa matukio, na lililotusaidia kuliko yote ni ule ukame mkubwa wa 2009 ulioua ng'ombe pande zote mbili. Kila mtu anajua mtoto wake alikuwa tumboni, mgongoni au anatembea wakati ule. Kutokea hapo unahesabu. Safu ya simu ilikuwa na nafasi mbili, kwa laini ya Tanzania na ya Kenya, kwa sababu mama wa Namanga ana zote mbili na anayoiwasha inategemea yuko wapi wiki hiyo. Zilizobaki zilikuwa tarehe ya sindano, namba ya toleo la chanjo kama iko kwenye kadi, na kituo.

Picha za kadi hatukurushiana kwenye kundi lolote la WhatsApp. Tulisomeana kwa simu, kila mmoja na kalamu yake. Ni polepole, lakini jina la mtoto wa mtu halizagai. Shule za Kenya zilipofunguliwa, mwenzangu aliingia na orodha mkononi badala ya kuuliza darasa zima nani hajachanjwa.

Kitu kimoja tulikataa tangu mwanzo, nacho ni kuvusha kichupa. Kuna kipindi kituo kimoja cha upande wa pili kiliishiwa chanjo wakati jokofu letu lina akiba, na kishawishi kilikuwa kikubwa kwa kuwa ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Lakini chanjo ni mali ya serikali iliyoingia kwa hesabu ya nchi, inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 muda wote, na ikivuka mkononi mwangu hakuna anayeweza kuapa ilikaaje njiani. Kwa hiyo msichana avuke, taarifa zivuke, kichupa kibaki. Nilipata ruhusa ya kuwachanja wenye miaka 14 wa ng'ambo waliokuja kwetu, tukawaingiza kwenye rejista kama wa nje ya eneo.

Hapo nikagundua hesabu nayo ina mpaka. Lengo letu la mwaka lilitokana na makadirio ya wasichana wanaoishi kwenye eneo letu. Ukiongeza wa ng'ambo bila kuwatenga, chati ya ukutani inapita asilimia 100, na mgeni kutoka mkoani anakuuliza kama unapika takwimu. Upande wa pili wanaonekana wazembe, ilhali watoto wao wamechanjwa kwetu. Tukawa tunapeana idadi kila mwisho wa mwezi. Sidhani kama kuna ripoti yoyote rasmi ilijua nini cha kufanya na idadi hiyo, lakini sisi wawili tulijua nani amebaki.

Uvumi ulikuwa unavuka bila kugongewa muhuri. Upande wa Kenya watu walikuwa bado wanakumbuka zogo la 2014, pale maaskofu Wakatoliki walipodai chanjo ya pepopunda ina kitu cha kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha, lakini maneno yalishafika kwenye maboma yetu, na chanjo inayotolewa kwa wasichana peke yao ikayafufua. Mwaka 2021 yakaongezeka ya korona. Nilijaribu vipeperushi, havikufanya lolote. Kilichosaidia ni kukaa chini ya mti na laigwanani, kiongozi wa mila wa Kimaasai, pamoja na mwenzangu wa Kenya, sote wawili tukiwa na sare, tukajibu maswali yale yale kwa majibu yale yale. Mzee aliuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mabosi: kama ugonjwa unaletwa na kirusi kinachopita kati ya mwanamume na mwanamke, kwa nini wavulana hamuwachanji? Nilimwambia ukweli. Wavulana nao wanakibeba, na nchi zenye uwezo zinawachanja, ila kwa miaka kadhaa chanjo ilikuwa haba duniani, na anayekufa kwa saratani hii ni mwenye mlango wa kizazi, ndiyo maana tukaanza na binti zake. Akanyamaza, kisha akasema basi wa kwangu waje. Wengine walifuata kwa sababu yake, si kwa sababu ya ufasaha wetu.

Kwenye mafunzo Arusha nilikaa meza moja na muuguzi kutoka Rwanda. Wao walianza 2011, wa kwanza Afrika kuitoa nchi nzima, na mwaka huo huo wa kwanza walivuka asilimia 90. Nilimwuliza siri. Akaniambia shuleni kila mtu anaweza kwenda. Wao wanahesabu wasiokuja siku hiyo, halafu mhudumu wa afya wa kijiji anakwenda nyumbani kwa kila mmoja. Niliporudi niliongeza safu moja kwenye kaunta buku: “hakuwepo, kwa sababu gani.” Sababu ni chungu kuzisoma. Ameolewa. Yuko machungani. Ametoroshwa asikeketwe. Wa namna hiyo huwezi kumpata kwa tangazo la shule, na mara nyingi aliyejua alipo alikuwa shangazi wa upande wa pili.

Mambo yalilegea Aprili 2024, Tanzania ilipohamia dozi moja na kufungua mlango kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Mwaka 2025 Kenya nayo ikaenda kwenye dozi moja. Huwa napenda kuwaambia wazazi kwamba uamuzi huo haukutoka mbinguni wala Ulaya. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwetu. Mwanza walifuatiliwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kuona dozi moja inaupa mwili kinga ya namna gani. Kenya, huko Kisumu, Nairobi na Thika, walishiriki 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na baada ya miezi 18 dozi moja ilionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na 18 za kirusi, zile zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja 2022. Mabinti wa pande mbili za mpaka wetu walijitolea mikono yao, na mzazi akisikia hivyo anasikiliza tofauti.

Niliwaza kwamba kaunta buku sasa tungeifunga. Hatukuweza, kwa sababu wanaoishi na virusi vya UKIMWI bado wanahitaji zaidi ya dozi moja, na hao pia wanahama. Kwa hao hatuandiki chochote kwenye daftari zaidi ya alama tunayoijua sisi wawili na tarehe ya kurudi. Dawa zao na faili zao zina utaratibu wake.

Na kuna mama zao, ambao chanjo imewachelewa. Lengo la dunia la 2030 ni wasichana 90 kati ya 100 wachanjwe kabla ya miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na 90 kati ya 100 wanaokutwa na tatizo watibiwe. Hiyo 70 ndiyo mlima wetu. Siku ya chanjo tunaweka chumba cha pembeni cha kupima kwa siki: unapaka, unasubiri dakika moja hivi, penye mabadiliko panageuka peupe. Mama akikutwa na hali ya awali anatibiwa siku hiyo hiyo kwa tiba mgando, yaani kugandisha sehemu hiyo kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto. Akikutwa na zaidi ya hapo, wa kwetu anakwenda hospitali ya KCMC Moshi au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wa Kenya anaelekea Nairobi, na hapo nauli inakuwa kikwazo kuliko mpaka wowote. Kwa hilo bado hatujapata dawa, mimi wala Sista wa ng'ambo.

Muuguzi aliye kwenye mipaka mingine kama Sirari, Holili au Mutukula akitaka kuanza, namshauri aanze na maofisa afya wa mpakani, maana kwa wakubwa wilayani barua itachukua muda. Aandike laini zote mbili za simu za mama. Na wachore safu kwa mpangilio ule ule pande zote, kwa sababu mkitofautiana hata safu moja mtasomeana kwenye simu hadi salio liishe.