Nyasi za Rangi ya Damu ya Mzee

Jumapili jioni. Kucha zangu bado zina wekundu, na sitaki kuzisugua kabla sijaandika haya.

Jana saa kumi na moja alfajiri nilitoka Lincoln, ninakoishi, nikashika njia ya Red Cloud, mji mdogo kusini mwa jimbo la Nebraska, Marekani, karibu na mpaka wa Kansas. Ni kama saa tatu za barabara. Nyuma ya gari nilikuwa na ubao wa kuchorea, karatasi nzito, rangi za maji, chupa tatu za maji na koti la baridi. Safari hii niliitamani tangu nilipomaliza kusoma My Ántonia, riwaya ya Willa Cather ya mwaka 1918. Katika kitabu kile nyasi ni nyekundu. Mwandishi anazifananisha na madoa ya divai. Nebraska ninayoiona mimi kila siku dirishani mwa gari ni mahindi, soya, halafu mahindi tena. Nilitaka kujua wekundu ule uko wapi.

Ukitoka mjini kuelekea kusini unavuka mto Republican, barabara inapanda, na baada ya kilometa kama 8 unaikuta mbuga iliyopewa jina la Cather. Ni ekari zaidi ya 600 za prairi, yaani uwanda wa nyasi za asili, ambayo jembe halijawahi kuigusa. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani, maana kandokando yake ardhi nyingi ilishapinduliwa. Sheria ya Marekani ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka 5, na walilima kwelikweli. Kabla yao hii ilikuwa nchi ya Wapawnee, waliohamishiwa kusini, Oklahoma ya leo, katika miaka ya 1870. Cather aliletwa hapa na wazazi wake kutoka Virginia mwaka 1883, akiwa na miaka 9. Ardhi aliyoiona tupu ilikuwa imetoka tu kuondolewa wenyewe. Niliposimama pale na brashi mkononi jambo hilo lilinikaa moyoni, na linanikaa bado.

Karatasi ya kwanza niliiharibu. Kwetu Shinyanga mbuga ina mibuyu, ina majabali, jicho linapata pa kushika. Hapa jicho linateleza tu. Nikatafuta kitu cha kuweka katikati, nikaona mwerezi mmoja bondeni, nikauchora. Picha ikawa ya mti. Na mti wenyewe ni mvamizi: moto usipopita miaka kadhaa, mierezi hutambaa na kuzifunika nyasi, ndiyo maana watunzaji wa mbuga huikata na kuchoma kwa mpango. Nikaichana karatasi.

Karatasi ya pili niliishusha ardhi chini kabisa, ikabaki upana wa vidole viwili, na juu yote nikaiachia anga. Hapo nikaanza kupumua. Lakini nyasi zenyewe nilizipaka njano, kwa sababu kutoka barabarani unaona njano. Ikabidi niweke brashi chini, nipige magoti.

Nyasi hizi kwa Kiingereza zinaitwa bluestem, kwa buluu ya shina lake changa. Oktoba buluu hiyo imekwisha. Chini, karibu na udongo, shina lina zambarau. Likipanda linakuwa kama tofali lililoiva sana tanurini, na kwenye kila kifundo pana alama hafifu iliyopauka. Kileleni mbegu zina manyoya meupe, na jua la saa tatu asubuhi likipita nyuma yake yanawaka kama utambi. Shina moja lina rangi nne. Ukisimama na kurudi hatua ishirini zote zinachanganyika, na jina la rangi ile sikulihitaji kulitafuta: damu ya mzee. Mama yangu alikuwa na kitenge cha rangi hiyohiyo.

Basi karatasi ya tatu nilichanganya nyekundu nzito na kahawia ya udongo uliochomwa, nikatia buluu tone moja. Upepo wa kule haukupi nafasi. Rangi inakauka kabla hujafika ukingo wa pili wa karatasi. Niliketi kwenye kibonde, mgongo kwenye upepo, nikapaka haraka, kisha rangi ikiwa nusu mbichi nikaikwaruza kwa kucha kutoka chini kwenda juu, weupe wa karatasi ukatokea kama mashina. Ndiyo hizi kucha. Cather aliandika kwamba nchi ile ilionekana kama inakimbia. Kwa brashi sikuweza kuikimbiza. Kwa kucha ilianza kwenda.

Nikiwa kwenye kazi hiyo, ndege mmoja akaimba juu ya nguzo ya uzio. Kifua njano, na chini ya koo alama nyeusi kama herufi V. Ndiye ndege rasmi wa jimbo hili. Katika mahojiano ya 1913 Cather alisimulia siku ile ya kwanza akiwa juu ya mkokoteni: alikuwa amejikaza vizuri tu, mpaka ndege kama hao walipoanza kuruka kutoka nyasini, kuimba kidogo na kuzama tena, na kazi yake yote ikawa kuzuia machozi. Mimi nilifika Nebraska mwezi Januari, theluji hadi magotini, na miezi miwili sikulia. Nililia Machi, kwenye kituo cha basi, nilipomsikia ndege huyuhuyu bila hata kumjua jina. Nilipoyasoma yale mahojiano miaka mingi baadaye nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Yeye alisema kwamba kabla vuli ya kwanza haijaisha, nchi ile ya nyasi ilikuwa imeshamkamata na haikumwachia tena. Mimi ilinichukua vuli tisa.

Nilichora hadi saa kumi na moja jioni. Karatasi ya tatu nimeibandika ukutani juu ya sinki, niione nikiosha vyombo. Anga imekaa vizuri. Nyasi za mbele bado zina utofali mno. Kesho nikitoka kazini nitaongeza buluu.