Ini linafanya kazi, damu haipiti

Wavuvi wa Wanseko na Butiaba wakilala kwenye kitanda changu cha altrasaundi hapa Hoima huikodolea macho skrini kuliko mimi. Nikiwasha rangi za Doppler, zinazoonyesha damu inavyokwenda, swali ni lilelile: "Daktari, hiyo ya buluu ndiyo damu chafu?" Mzee wangu, mimi si daktari, na buluu si uchafu. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa nilichoshika, buluu ni inayokwenda zake. (Isipokuwa mtu awe amegeuza mipangilio ya mashine. Wapo wanaogeuza na hawarudishi.)

Juzi nilikuwa WhatsApp na mwenzangu wa chuo, sasa anapima altrasaundi Uingereza. Akanieleza watoto wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao mimi sijawahi kuuona kwa macho. Wale ambao ini limeathirika vibaya, anasema, bandama imekua, mishipa ya umio imevimba, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zimeshuka, lakini majibu ya damu ya ini huweza kuwa karibu ya kawaida. Nikamwambia, bwana wee, hiyo ni bilhazia, yaani kichocho, ya Ziwa Albert!

Sawa, chanzo si kimoja. Huku kwetu mayai ya minyoo hukwama kwenye vitawi vya vena pota, ule mshipa unaoleta damu kutoka utumbo na bandama, na makovu hujijenga kuvizunguka. Kule kosa liko kwenye jeni ya CFTR, iliyotambuliwa 1989. Protini yake haimo kwenye seli za ini zenyewe, imo kwenye seli za vijia vya nyongo. Nyongo huwa nzito, vijia huziba, makovu hufuata. Na kwa wengine sirosisi, yaani ini zima kujaa makovu, haipo kabisa. Ni vitawi vya vena pota vilivyosinyaa.

Vyovyote iwavyo, mshipa huo ndio unaoleta kama robo tatu ya damu ya ini. Njia ikibana, presha inapanda na damu inafanya kama boda boda kwenye foleni ya Kampala: inaingia vichochoroni, yaani mishipa ya tumbo na umio yenye kuta nyembamba. Ikipasuka, mtu anatapika damu, hata kama ini lake bado linafanya kazi vizuri.

Tunapoachana ni mapafu. Presha ya vena pota ikidumu, mishipa ya utumbo hulegea na kupanuka, moyo ukalazimika kusukuma damu nyingi zaidi. Mara nyingine vijishipa vya mapafu navyo hupanuka, damu ikapita bila kubeba oksijeni ya kutosha. Mvuvi wangu angalau mapafu yake mara nyingi ni mazima. Mtoto yule wa sistiki faibrosisi, yake yamejaa makohozi mazito tangu zamani, kwa hiyo akihema, nani atajua ni kifua au ni ini? Hata propranololi, dawa ya kawaida ya kushusha presha hiyo, kwake hutolewa kwa tahadhari kwa sababu inaweza kubana njia za hewa. Mara nyingi heri mishipa ya umio ifungwe kwa vipira kupitia endoskopi, ule mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni.

Fomu nyingi zinazonifikia zimeandikwa "ini" basi. Mimi napima bandama hata nisipoombwa, kisha mwendo wa damu kwenye vena pota. Ukiwa chini ya sentimita 15 kwa sekunde, au damu ikirudi ilikotoka, naandika kwa herufi kubwa.