Moja, mbili, tatu: nilivyojifunza kucheza efekti jukwaani kwa gruvuboksi moja

Kwanza niteme kinyongo. Nilipoanza kupiga muziki mbele ya watu kwa gruvuboksi, mashine moja inayopiga ngoma na sauti ulizozipanga mwenyewe, nilimwuliza kila aliyenitangulia kwa nini seti yangu inachosha, na wote wakanijibu neno moja: ongeza. Huyu akataka nitafute pedali ya dilei (mwangwi unaojirudia), yule pedali ya riverbu (mvumo kama wa ukumbi mkubwa), wa tatu akaapa kwamba bila mikisa ya chaneli 12 najisumbua bure. Nikawatii. Zilizonitoka zilikuwa kama mshahara wa mwezi na nusu, labda zaidi, sikutaka kupiga hesabu vizuri. Muziki ukabaki uleule, nyaya tu ndizo zilizoongezeka. Pedali zote mbili sasa zimelala sandukuni.

Haya ninayosimulia yametoka kwenye mashine ileile niliyokuwa nayo tangu mwanzo, Digitakt ya toleo la kwanza, ile ya mwaka 2017, niliyoinunua ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili. Ina treki 8 za sauti, kila moja na ala yake, vitufe 16 vya hatua, yaani nafasi za kuweka mapigo, na pateni (mpangilio unaojirudia) inayofika hatua 64. Mwenye mashine nyingine asiondoke, maana karibu kila gruvuboksi ina ndugu wa mbinu hizi, ila vitufe ndivyo vinavyotofautiana.

Nianze na aibu yangu.

Kuna kitu kwenye Digitakt ambacho mtu akikigundua hulala nacho kitandani: ukishikilia kitufe cha TRK huku unazungusha nobu, badiliko linaingia treki zote za sauti kwa mpigo. Unafunga filta (kichujio cha sauti) ya treki moja, zote nane zinazama chini ya maji. Unapandisha toni ya moja, wimbo mzima unapaa. Kisha, watu wakishaanza kutazamana, unabonyeza FUNC pamoja na NO, na pateni inarudi ilivyokuwa kabla hujaichafua. Ukibonyeza sawasawa kwenye pigo la kwanza, kiki (ngoma nzito ya chini) inarudi na kishindo ambacho hakuna pedali itakuuzia. Nyumbani nilifanya hivyo mara mia. Majirani wanaujua wimbo ule kuliko mimi.

Siku yenyewe ilikuwa ukumbi mdogo, watu hawakuzidi 40, nusu yao wakimsubiri aliyepangwa baada yangu. Wimbo wa tatu, nikaona huu ndio wakati. Nikashika TRK, nikapeleka treki zote kwenye dilei, halafu kwa mkono mwingine nikapandisha fidibeki. Asiyejua, fidibeki ni kiasi cha mwangwi kinachorudishwa ndani ya dilei yenyewe. Ikiwa chini ya asilimia 100, kila mwangwi huwa mdogo kuliko uliouzaa. Ikivuka hapo, mtoto anakuwa mkubwa kuliko mzazi, na mjukuu mkubwa kuliko wote. Mimi nilivuka. Na nilikuwa nimesahau kwamba "treki zote" maana yake ni zote, kiki na besi zikiwemo. Kilichotoka kwenye spika hakikuwa muziki tena. Kilikuwa kama lori linalopanda ngazi. Fundi wa sauti aliinua kichwa, nami nikaona mkono wake ukielekea mahali ambapo sikutaka uende.

Nikasema moyoni, tulia, una FUNC na NO. Nikabonyeza, kwenye pigo la kwanza kabisa, kwa ustadi ambao bado najivunia.

Sasa, kitufe kile hakirudishi ulichokuwa unapiga dakika moja iliyopita. Kinarudisha ulichokihifadhi. Na mimi sikuwa nimehifadhi kitu kwa wiki mbili, kwa sababu mashine hii ukiizima na kuiwasha inakukuta ulipoachia, ikakuzoesha uvivu. Kwa hiyo wimbo niliouhangaikia siku 14 ukatoweka wote, na mahali pake pakaja mifupa ya siku ya kwanza: kiki moja kavu, haihati (matoazi) mbili, na sampuli ya majaribio ya maikrofoni, sauti yangu mwenyewe, ya usingizi, ikisema: "Moja, mbili, tatu... moja, mbili, tatu..."

Nilisimama. Sauti ikaendelea kuhesabu. Raundi ya tatu, mtu mmoja mbele akaitikia "nne!" Raundi ya nne wakaitikia watu kumi. Nikaona hapa hakuna wa kunijua, nikafungua riverbu kwenye ile sauti na kuwaachia wahesabu dakika nzima huku nikijenga wimbo upya kwa vidole vinavyotetemeka. Baadaye jamaa mmoja akanipongeza kwa "ubunifu wa kuvunja wimbo hadi kwenye mzizi." Nikamshukuru kwa uso mkavu.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanitesa muda wote. Kuupeleka wimbo mbali ni kazi ya kidole kimoja, hata mtoto ataweza. Mimi sikuwa na njia ya kurudi, na hakuna pedali iliyokuwa inanipa. Tangu hapo efekti yoyote ninayoiweka naanza kuipangia inakorudi.

Ya kwanza ni hifadhi ya muda, FUNC na YES. Naibonyeza kila ninapoingia pateni, kama dereva anavyofunga mkanda. Hata nikibadilisha kitu katikati na kukipenda, naibonyeza tena, na hapo ndipo panakuwa nyumbani kupya. Hiyo tu ingeniokoa.

Ya pili ilikuwa kuitoa kiki kwenye hatari. Nilihangaika sana kutafuta namna ya kuificha ndani ya mashine, mwishowe nikaitoa nje kabisa: Volca Beats ndogo ya Korg, niliyoazimwa na sijairudisha, inapiga kiki peke yake, ikifuata saa ya MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki huongea, kutoka Digitakt. Saa hiyo hutuma mipigo 24 kwa kila bit (pigo kuu la wimbo), hivyo hazipishani. Sasa naweza kuizamisha Digitakt nzima na kiki inaendelea kutembea kana kwamba haikusikia kitu. Miguu ya watu haijui kwamba juu kuna fujo. (Ndiyo, najua, nimetoka kulaani wanaosema "ongeza kifaa." Hiki ni kidogo.)

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na nitaieleza taratibu kwa sababu mimi ilinichukua wikendi mbili. Kila hatua kwenye sikwensa hii, yaani sehemu ya mashine inayopanga mapigo, inaweza kupewa sharti. Kuna masharti ya bahati, kwamba hatua ipige kwa asilimia fulani, na ya zamu, kwamba ipige mara moja kila mizunguko minne. Halafu kuna sharti la FILL: hatua inapiga tu pale unaposhikilia kitufe cha PAGE. Lipo na kinyume chake, hatua inayonyamaza pale unaposhikilia. Watu wengi huitumia FILL kuongeza sneya (ngoma kali yenye mlio wa juu) mbili tatu mwisho wa mzunguko. Mimi nimeifanya kuwa mlango.

Sneya yangu iko treki mbili. Treki ya pili ina sneya ya kawaida, yenye sharti la kunyamaza wakati wa FILL. Treki ya saba ina sneya hiyohiyo, hatua zilezile, lakini inapiga wakati wa FILL tu, na kila hatua nimeifungia thamani zake: hii imeshushwa toni, ile inachezwa kinyumenyume, ya mwisho inatupwa yote kwenye dilei na riverbu. Nikishikilia PAGE, sneya inageuka jini. Nikiachia, imerudi binadamu. Hakuna nobu niliyoigusa, kwa hiyo hakuna nobu ya kuikumbuka. Tena kwa kuwa dilei inabaki inamalizia ilichopewa, ule mkia unaendelea kuning'inia juu ya sneya ya kawaida, na watu hawaoni mshono. Nimepoteza treki nzima kwa ajili ya hili, na nane si nyingi. Sijuti.

Kwenye dilei yenyewe, acha kupeleka kila kitu. Chagua pigo moja. Sneya ya mwisho ya baa (kipande cha hatua 16) ya nne, au neno moja la sauti ya mtu, ndilo liingie, mengine yabaki makavu. Na usiruhusu besi iingie humo: dilei ya Digitakt ina filta zake, ninakata chini mpaka mwangwi ubaki mwembamba kama sauti ya simu, ndipo naweza kuisukuma fidibeki karibu kabisa na ule mpaka bila fundi kunitazama vibaya. Si ugunduzi wangu. King Tubby wa Jamaika alikuwa akifanya hivyo miaka ya 1970, meza ya mikisi ikiwa ndiyo ala yake, na alikuwa na nobu kubwa ya kukata besi ambayo aliichezea kama mpiga gitaa anavyochezea nyuzi. Hakuwa na sikwensa wala hifadhi ya muda. Alikuwa na mikono.

Muda wa dilei naupima kwa hatua. Napiga kwenye midundo 125 kwa dakika, kwa hiyo hatua moja ni milisekunde 120, na dilei ya hatua tatu ni 360. Tatu haigawanyiki vizuri ndani ya 16, na huo upotofu ndio utamu wake: mwangwi unaangukia kwenye nafasi zilizo wazi badala ya kuwakanyaga wenye zamu. Dilei ya hatua nne huwa inanisinzisha.

Kurudufisha pigo, ile ya kubonyeza na sneya ikamwagika kama mtama, naitumia kwa ubahili. Ukirudufisha kwa kasi ya sehemu 1 ya 64 ya baa, kwa tempo yangu ni pigo kila milisekunde 30, yaani mapigo kama 33 kwa sekunde, na sikio linaacha kuhesabu mapigo, linasikia noti nene. Kwa hiyo naanza na 1 ya 16, naruka 1 ya 32, namalizia 1 ya 64, na wimbo unaonekana kupinda. Mara moja kwa wimbo. Mara mbili ni kelele.

Jingine dogo ambalo hakuna aliyeniambia: urefu wa treki si lazima ulingane. Haihati yangu moja ina hatua 15 wakati wenzake wana 16, na kwenye hatua yake ya mwisho tu nimefungia dilei. Kila mzunguko ile dilei inasogea nyuma hatua moja, na inachukua hatua 240, kama sekunde 29 hivi, kurudi ilipoanzia. Mimi nimekunja mikono, watu wanadhani nafanya kitu. Huwa nazungusha nobu isiyo na kazi ili nisiwavunje moyo.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kuhama kutoka pateni moja kwenda nyingine. Wenye Octatrack, mashine nyingine ya aina hii, wanajinafasi: wanarekodi baa moja ya sauti inayotoka, wanaihamishia kwa kile kitelezi chao, wanabadilisha pateni chini yake, kisha wanarudisha kitelezi. Mimi sina, nami nilikataa kununua, safari hii kwa ubishi tu. Nikajaribu kutumia riverbu: kwenye bit ya mwisho naitupa treki zote kwenye riverbu ndefu isiyoisha, nanyamazisha, nabadilisha pateni, na ule ukungu unafunika mshono. Mara ya kwanza ukungu ulikatika kama pazia lililoanguka. Kumbe efekti za mashine hii ni za pateni, kila pateni ina riverbu yake, na ile niliyoingia ilikuwa na ya chumba kidogo. Nikakaa usiku mmoja nikinakili mipangilio ya riverbu na dilei kutoka pateni ya kwanza hadi zote 12 za seti. Kazi ya kuchosha kuliko zote hapa. Lakini sasa ukungu unavuka bila kukatika, halafu naufupisha polepole huku kiki ya Volca ikiwa haijasimama hata mara moja.

Ile sampuli ya kuhesabu sikuifuta. Nimeipa treki ya nane, sharti la FILL, riverbu nzito. Wiki chache zilizopita nilimaliza seti bila kuitumia, na kijana mmoja akanifuata nikikunja nyaya.

"Kaka, mbona leo hujahesabu?"

Ilibidi niwashe tena.