Mchuzi Ukiwa Motoni, Nami Huchora Nyuso

Watu huniuliza ninapata wapi nafasi ya kuchora, ilhali nafanya kazi ya kutwa hapa Nakuru na jioni nina familia ya kulisha. Nafasi hiyo niliipata jikoni, katika muda ambao mchuzi unahitaji kuachwa peke yake.

Mji wetu uko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo nyama ya ng'ombe yenye mifupa na kano hukawia kuiva kuliko inavyokawia Mombasa. Wengi hulalamikia jambo hilo, mimi nalishukuru. Hukaanga nyama hadi ibadilike rangi, nikaiondoa, nikakaanga vitunguu polepole, kisha nikapika nyanya mpaka mafuta yajitenge juu. Nikisharudisha nyama na kuongeza maji ya moto, hufunika sufuria na kufukia makaa kwa jivu ili moto upungue. Kano huhitaji moto mdogo wa muda mrefu ndipo zilainike na kuupa mchuzi uzito wake, na kuufunuafunua hakusaidii chochote.

Hapo ndipo ninapochukua karatasi. Mara nyingi ninayemchora ni mama yangu, ambaye hukaa karibu na dirisha akimenya minji. Nikimwomba, "Mama, hebu tazama nje kidogo," hunijibu, "Haya mwanangu, lakini mikono yangu iache ifanye kazi." Nami huiacha, kwa sababu mtu aliyeshughulika huwa na uso wake halisi, tofauti na yule aliyekaa akisubiri kuchorwa.

Huanza na penseli ya HB, yenye ugumu wa wastani, kwa mkono mwepesi, nikipima kwanza. Macho hukaa karibu katikati kabisa ya kichwa, baina ya utosi na kidevu, ingawa jicho la anayechora hutaka kuyapandisha juu; na nafasi kati ya jicho na jicho hutosha takribani jicho moja. Vipimo hivyo vikikubali, huingia kivulini kwa penseli laini na nyeusi zaidi, 2B, halafu 4B, tabaka juu ya tabaka. Ngozi nyeusi ina utajiri ambao mwanafunzi wa kuchora hapaswi kuuharakisha: mwanga hung'aa juu ya paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, kisha huzama ghafla kwenye kivuli kizito. Sipendi kabisa kupaka kivuli kwa kidole, maana husawazisha kila kitu na kuufanya uso uonekane umefunikwa na vumbi. Mistari myembamba inayopishana hukawia zaidi, lakini huacha ngozi ikipumua.

Karibu na mwisho huinuka kutia karoti na viazi, baadaye minji, na dania wakati wa kuepua. Mapumziko hayo yana faida kubwa kwa picha, kwani nikirudi huona mara moja kama taya limepinda au sikio limeshuka, jambo ambalo macho yaliyochoka hayalioni.

Siku za kazi, nyama hunichelewesha mno. Jioni hizo hupika maharagwe niliyoyaloweka usiku uliotangulia, na badala ya uso mzima huchora sehemu moja tu: mdomo, au jicho pamoja na nyusi yake.