Chini ya Chillon

Jumamosi. Nimekwenda kwa miguu kutoka mji wa Montreux, Uswisi, hadi ngome ya Chillon, ziwa la Geneva likiwa mkono wangu wa kulia muda wote na upepo ukinikata masikio. Vyumba vya juu nilivipita mbiombio. Kilichonipeleka ni kule chini.

Unashuka ngazi ukidhani unaingia shimoni, kumbe unaingia kama kanisani. Mafundi wa karne ya 13, enzi za watawala wa Savoy, ukoo uliokuwa ukimiliki ngome hii, walipanga nguzo mstari mmoja katikati. Kila nguzo, ikifika juu, inatoa mbavu za mawe zinazotawanyika kama makuti kileleni mwa mnazi, hadi zikutane na za jirani na kubeba dari. Upande wa nyuma ni jabali lenyewe, halikuchongwa likanyooka. Alasiri jua hupiga maji huko nje, na mwanga unaingia kwenye matundu membamba ukicheza darini. Uzuri wote huu kwa ajili ya ghala na gereza!

Humu ndimo alimofungwa François Bonivard, mkuu wa monasteri moja ya Geneva aliyempinga mtawala wa Savoy. Alikaa na mnyororo kwenye nguzo tangu 1532 hadi 1536, watu wa mji wa Bern walipoiteka ngome. Inasimuliwa kwamba alizunguka, hatua chache tu alizoruhusiwa na mnyororo, mpaka jiwe likalika.

Byron, mshairi wa Kiingereza, akapita hapa 1816, akamtungia shairi: ndugu wanakufa mmoja mmoja, na gereza liko chini ya maji ya ziwa. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alipotunga hakuijua vizuri habari ya mtu huyo. Bonivard wa kweli alitoka, akaishi hadi 1570, akaoa mara nne. Nne! Jina la Byron limechongwa kwenye nguzo ya tatu, nalo limewekewa kioo. Wapo wasioamini kuwa ni mkono wake. Kama ni wake, shuleni kwetu angekula viboko.

Kuhusu maji, nilichungulia tundu moja: ziwa liko chini kabisa, sakafu iko juu yake. Nikacheka peke yangu. Halafu nikangoja kundi la wageni liondoke, nikainama kwenye nguzo, nikapapasa sakafu kwa kiganja. Jiwe baridi, lina vumbi. Pana kibonde kidogo, nadhani.